Kabla hujalifuta jina Washington kwenye cheti cha mtoto

Majuzi bro wangu mkubwa alinipigia simu saa nne usiku. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto msichana, na fomu ya cheti cha kuzaliwa ilikuwa mezani inangoja. Jina la kwanza walikuwa nalo. La pili ni Atieno, kwa sababu mtoto alikuja usiku. Shida ilikuwa la tatu.

"Sitaki Washington," akasema. "Hilo jina ni la mzungu aliyekuwa na watumwa. Linaishia kwangu."

Ngoja nikuweke kwenye picha. Sisi ni Wajaluo, wa Siaya kwa mababu na wa Umoja kwa kuzaliwa. Lakini kwa kipande, sote tunaishia Washington. Babu alibatizwa hilo jina. Baba alipoanza shule, mwalimu akamuuliza babake anaitwa nani, naye akajibu Washington. Likaingia kwenye rejista, rejista ikazaa cheti, cheti kikazaa kipande, na hadi leo tuko hapo. Nikitoa kitambulisho changu ofisi yoyote, karani lazima anitazame mara mbili. Kuna mmoja aliwahi kuniuliza kama mimi huhitaji visa ya Marekani ama huwa napita tu.

Kwa familia yetu, mimi ndiye niliyeacha chuo nikaingia kuandika mtandaoni, kwa hivyo kila swali lisilo na mwenyewe huletwa kwangu. Bro akanipa siku tatu. Nitafute jina lilikotoka. Nikimpa sababu moja ya maana ya kuliweka, ataliweka. Nikikosa, basi.

Hiki ndicho nilichokipata. Na hata kama wewe si Washington, usitoke bado. Kama unaitwa Wycliffe, Wellington, Lincoln ama Livingstone, ama una mjomba anayeitwa hivyo (na najua unaye), hii stori inakuhusu.

KIJIJI KABLA YA MTU

Cha kwanza kilichonishangaza: kabla Washington kuwa mtu, na kabla kuwa jiji la Ikulu nyeupe, ilikuwa kijiji. Na kijiji chenyewe bado kipo, ingawa sasa kimekua kikawa mji. Kiko kaskazini mashariki mwa Uingereza, kati ya Newcastle na Sunderland. Ukiwa shabiki wa kandanda ya Uingereza, basi kila Newcastle na Sunderland wanapokutana, Washington iko hapo katikati inasikia kelele zote. Kile kiwanda kikubwa cha magari ya Nissan cha Sunderland, kilichoanza kutoa magari mwaka 1986, kiko hapo hapo jirani. Kwa hivyo sisi watu wa Nairobi, tuliokulia ndani ya matatu tulizokuwa tukiita "nissan", tuna udugu na hicho kijiji ambao hatukuwa tunaujua.

Jina lenyewe ni Kiingereza cha kale, kile ambacho Mwingereza wa leo hawezi kukisoma bila mwalimu. Ukilivunja, linatoa vipande vitatu. Mwisho wake, "ton", ni neno lililomaanisha boma au kiambo, na ndilo baadaye lilizaa neno la Kiingereza la mji. Katikati, "ing", linamaanisha watu wa fulani. Na mwanzo wake wataalamu wengi husema ni jina la mtu, Hwæsa. Ukiunganisha: kiambo cha watu wa Hwæsa.

Nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Jina linalotisha dunia nzima, linalosomwa kwenye habari kila jioni, maana yake ni kama ukisema "kwa kina Omondi". Mzee mmoja, boma lake, watu wake. Ni kitu ambacho nyanya yako wa ocha angekielewa bila maelezo.

MAJINA YA WAZUNGU YALITOKA WAPI

Sasa, boma liligeukaje kuwa jina la watu? Hapa inabidi tukumbushane kitu. Waingereza hawakuzaliwa na majina ya ukoo. Zamani mtu alikuwa na jina moja tu: William, John, Robert. Wanormani walipoivamia nchi mwaka 1066, mabwana wenye ardhi wakaanza kujiita kwa mashamba yao, ndiposa ijulikane nani anamiliki nini. Wadogo wakafuata polepole. Kufikia mwaka wa 1400 hivi, familia nyingi za Uingereza zilikuwa na jina la ukoo linalopita kutoka kwa baba hadi kwa mtoto.

Majina hayo yalitoka njia nne. Ya kwanza ni kazi. Kyle Walker, kwa mfano: zamani "walker" alikuwa mtu wa kukanyaga vitambaa vya sufu kwenye maji hadi viwe vizito na imara. Mababu wa jina hilo walikuwa wanakanyaga kwa malipo kabla ya mpira kuja. Ya pili ni baba: Watkins ni mtoto wa Wat mdogo, na Wat ni kifupi cha Walter. Ya tatu ni sifa ya mtu au jambo alilofanya. Cole Palmer ana jina la waliohiji nchi takatifu wakarudi na jani la mtende kama ushahidi kwamba kweli walifika. Na ya nne ni mahali. Jude Bellingham ana jina la kijiji cha Northumberland, si mbali na hapo tunapozungumzia.

Washington ni wa hili kundi la nne, na tunajua hata mtu aliyeanza.

Mwaka 1183, Askofu wa Durham aliyeitwa Hugh du Puiset aliamuru mali yake yote iandikwe: nani anakaa wapi, analipa nini, anadaiwa kazi gani. Hesabu hiyo inaitwa Boldon Book, na ndani yake yumo bwana mmoja, William de Hertburn. William alikuwa amebadilishana shamba na askofu. Alitoa Hertburn, akapewa Wessyngton, maana ndivyo kijiji kilivyokuwa kikiandikwa. Malipo yake yalikuwa pauni 4, na juu yake alitakiwa kwenda na mbwa wanne kwenye uwindaji mkubwa wa askofu.

William akahamia boma jipya na jina likahama naye. Kutoka kwa William wa Hertburn akawa William wa Wessyngton. Hakuna siri wala muujiza: jamaa alihama, akabadilisha jina kama vile wewe hubadilisha anwani. Angekataa hiyo biashara ya mashamba, mji mkuu wa Marekani leo ungekuwa unaitwa Hertburn, na mimi ningekuwa nasumbuliwa na makarani kwa jina lingine kabisa.

MLEVI, BAHARIA NA RAIS

Ukoo ukaenea. Tawi moja likashuka kusini hadi Northamptonshire. Huko, Lawrence Washington, mfanyabiashara wa sufu aliyewahi kuwa meya wa Northampton, alinunua shamba la Sulgrave mwaka 1539. Ardhi hiyo ilikuwa ya watawa, lakini Mfalme Henry wa Nane alikuwa amefunga nyumba zao na kuuza mali. Unaona? Hata huko, ardhi ya kanisa ilipoenda sokoni, waliofaidika ni wale waliokuwa na pesa mkononi.

Utajiri haukudumu. Miaka mia moja baadaye kulikuwa na Lawrence mwingine, huyu kasisi wa parokia ya Purleigh, Essex. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza kati ya mfalme na bunge, watu wa bunge walimtimua kazini mwaka 1643, wakimshtaki kwamba anashinda kwenye vilabu vya pombe. Kama ilikuwa kweli ama ni siasa, amua mwenyewe. Kilicho wazi ni kwamba familia iliachwa bila kazi na bila nyumba ya parokia.

Mtoto wa huyo kasisi, John, akafanya kile ambacho vijana hufanya nyumbani kukikauka: akatafuta chombo. Alipanda meli ya biashara ya tumbaku kama msaidizi wa nahodha, wakafika Virginia mwishoni mwa 1656. Meli ikakwama kwenye mto Potomac. Wakati inatengenezwa, John akapata marafiki, akapata mchumba, na meli ilipoondoka yeye akabaki. Mpango wake wa kuvuka na kurudi ukawa ukoo mzima wa Marekani. Kitukuu chake, George, alizaliwa mwaka 1732.

Hapo ndipo stori inakuwa nzito, na siwezi kukupitishia hapo kwa mzaha.

Virginia iliishi kwa tumbaku, na tumbaku ilipandwa na watumwa. Babake George alipofariki mwaka 1743, kijana akiwa na miaka 11, alirithi watu 10. Narudia: watu. Hadi anafariki Desemba 1799, shamba lake la Mount Vernon lilikuwa na watumwa 317. Kati yao 123 walikuwa wake kisheria. Waliobaki walikuwa wa upande wa mkewe Martha au wa kukodishwa.

Katika wosia wake aliagiza wale wake waachiliwe huru baada ya kifo cha Martha, na Martha akawaachilia mapema, Januari 1, 1801. Wale wa upande wa Martha hawakuguswa na wosia huo. Kwa hivyo kulikuwa na familia ambapo baba alitoka huru na mama na watoto wakabaki watumwa. George mwenyewe hakupata mtoto wa kumzaa. Jina lake lilipewa jiji mwaka 1791, na kufikia 1889 kukawa na jimbo pia, lakini hakuna mtoto.

Nilipofika hapa nilimwandikia bro ujumbe: "Uko sawa. Liache." Nilikuwa nimekata tamaa, kusema kweli. Halafu nikaendelea kusoma, na nikakutana na Harry.

HARRY, ALIYELIRUDISHA JINA AFRIKA

Harry alizaliwa Afrika Magharibi, upande wa Gambia, karibu mwaka 1740. Alikamatwa, akavushwa bahari, na mwaka 1763 akanunuliwa na George Washington. Alifanya kazi kwenye kinamasi kikubwa cha Virginia ambacho George na wenzake walitaka kukikausha, kisha akawa Mount Vernon. Mwaka 1771 alitoroka, akarudishwa.

Vita vya uhuru wa Marekani vilipoanza, Waingereza waliahidi uhuru kwa watumwa wa waasi watakaokuja upande wao. Mwaka 1776 Harry akatoroka tena, na safari hii hakurudi. Fikiria hiyo picha: George yuko vitani akipigania uhuru, na mtu aliyemmiliki yuko upande wa pili wa vita hivyo hivyo, naye pia akipigania uhuru. Harry alipanda cheo hadi kuwa koplo katika kikosi cha weusi.

Waingereza walishindwa. Mwaka 1783, walipokuwa wakiondoka New York, majina ya weusi waliokuwa wanaondoka nao yaliandikwa kwenye kitabu kimoja kikubwa. Humo yumo: Harry Washington, miaka 43. Alipelekwa Nova Scotia, Kanada, kwenye baridi na ardhi ya mawe. Mwaka 1792 akawa miongoni mwa watu karibu 1,200 walioabiri meli kurudi Afrika, wakaanzisha Freetown, Sierra Leone.

Na hata hapo hakukaa kimya. Kampuni iliyokuwa ikitawala koloni hiyo ilipowadai kodi ya ardhi waliyoahidiwa, walowezi wakaasi mwaka 1800. Harry alikuwa mmoja wao. Akahukumiwa kufukuzwa Freetown, akavushwa hadi ufuo wa Bullom, ng'ambo ya pili.

Sasa niambie, msomaji: nani alikuwa Washington wa kweli wa uhuru? Yule mwenye sanamu, ama yule aliyemtoroka akaasi mara ya pili akiwa na miaka sitini hivi? Mimi ninajua nani ningependa kuitwa kwa ajili yake.

JINA LA DARASANI

Harry hakuwa peke yake. Mwaka 1865 utumwa ulipopigwa marufuku Marekani nzima, karibu watu milioni 4 walikuwa wametoka utumwani. Wengi kwenye karatasi za mabwana zao walikuwa na jina moja tu, kama ng'ombe, ingawa wenyewe kwa wenyewe baadhi walikuwa na majina ya ukoo waliyoyatumia kisirisiri. Sasa ukitaka kujiunga na jeshi, kuandika ndoa, kuhesabiwa, lazima useme unaitwa nani. Kwa mara ya kwanza, mtu aliulizwa jina lake na jibu likawa lake mwenyewe.

Mmoja wao alikuwa kitoto cha Virginia kilichoitwa Booker. Baada ya uhuru familia ilihamia Malden, West Virginia, ambako baba wa kambo alifanya kazi ya kuchemsha chumvi. Kitu cha kwanza Booker alichojifunza kusoma ni namba 18, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikiandikwa kwenye mapipa ya baba huyo. Alipofika shuleni akasikia wenzake wakiita majina mawili mawili, wengine matatu. Yeye alikuwa na moja. Anasimulia kwenye kitabu chake cha mwaka 1901, Up From Slavery, kwamba kabla zamu yake kufika, wazo lilimjia. Mwalimu alipouliza, akajibu kwa utulivu kama mtu aliyeitwa hivyo tangu azaliwe: Booker Washington.

Baba wa kambo aliitwa Washington Ferguson. Kwa hivyo kile kitoto kilichukua jina la kwanza la mtu mweusi mchemsha chumvi na kulifanya jina la ukoo. Unakumbuka babangu kwenye rejista ya shule? Mimi nilipolisoma hilo niliweka simu chini.

Booker T. Washington alikuja kuongoza chuo cha Tuskegee, Alabama, kuanzia 1881, na akawa mmoja wa watu weusi waliosikilizwa zaidi enzi zake. Wapo waliompinga vikali kwamba alisisitiza sana kazi za mikono na kunyenyekea mno kwa wazungu. Mawazo yake yalifika hadi hapa Kenya: mwaka 1924 tume ya elimu ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki ikipigia debe elimu ya mtindo wa Tuskegee, na mwaka 1925 shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete kufunza walimu kwa njia hiyo.

Na jina? Sensa ya Marekani ya mwaka 2000 ilihesabu watu 163,036 wenye jina la ukoo Washington. Asilimia 90 kati yao walikuwa weusi. Soma tena hiyo. Hawa wote hawawezi kuwa wametoka shamba moja la mzee mmoja; wengi wao ni wajukuu wa watu waliosimama mbele ya meza ya karani na kuchagua. Hata Denzel Washington, aliyezaliwa mwaka 1954, alizaliwa mji wa Mount Vernon, New York, uliopewa jina la shamba lile lile. Lakini ukisema "Washington" mtaani kwetu, watu wanamfikiria Denzel kabla ya George. Watu weusi walilichukua jina wakalifanya lao.

Kijiji cha Hwæsa, boma la William, meli ya John, shamba la George, halafu darasa la Booker. Jina ni kama matatu: anayeipaka rangi siye anayeamua nani atapanda.

NA KWETU JE?

Majina haya yalikuja Kenya na misheni. Mwanzoni mwa karne iliyopita, ukitaka kubatizwa ulitakiwa uwe na kile kilichoitwa jina la Kikristo. Walioishiwa na kina Petro na Yohana wakageukia vitabu: wafalme, majenerali, wavumbuzi, marais. Ndiyo maana tuna majina ya ukoo ya Waingereza kama majina ya kwanza, kitu ambacho Mwingereza mwenyewe hukishangaa.

Na ukiyachunguza, mengi ni vijiji tu. Wycliffe ni kijiji cha kaskazini mwa Uingereza, na jina likatujia kupitia John Wycliffe wa karne ya 14, yule ambaye jina lake linahusishwa na Biblia ya kwanza ya Kiingereza. Wellington ni mji wa Somerset. Lincoln ni mji. Livingstone ni kiambo cha Leving, huko Uskoti. Wilson ni mtoto wa Will na Jackson ni mtoto wa Jack. Ukiwa na mbogi ya Wycliffe, Wellington na Lincoln, hiyo si mbogi, ni ramani.

Na majina huenda na kurudi. Mzee mmoja wa Kijaluo aliitwa Obama. Mwanawe Onyango akabeba jina la babake, mjukuu akalipeleka Hawaii mwaka 1959 alipoenda kusoma, na Januari 2009 likaingia Ikulu ya Marekani. Jina la mtu mmoja wa kijijini kwetu likawa jina la ukoo, kama la kijiji cha Hwæsa. Sisi tulichukua Washington, Washington ikachukua Obama. Hakuna anayemdai mwenzake.

Halafu kuna Washington wetu hasa. Aprili 1994, Afrika Kusini ilikuwa ukingoni. Uchaguzi wa kwanza wa watu wote ulikuwa mlangoni, chama cha Inkatha cha Mangosuthu Buthelezi kilikuwa kimesusia, na damu ilikuwa inamwagika. Waliitwa wapatanishi wakubwa wa dunia, Henry Kissinger na Lord Carrington, wakashindwa wakapanda ndege. Aliyebaki ni Mkenya, Profesa Washington Okumu. Yeye ndiye aliyemshawishi Buthelezi, na Aprili 19 makubaliano yakatiwa sahihi, wiki moja tu kabla ya kura. Kissinger alikuwa ameshaenda. Washington wa Kenya ndiye aliyebaki.

SIMU KWA DANI

Siku ya tatu nilikuwa na haya yote, lakini kulikuwa na tundu moja. Nilijua William alipataje jina, na Booker, na Harry. Sikujua babu yangu alilipataje. Nikampigia Dani, nyanya yetu, ambaye hupokea simu akipiga kelele kana kwamba anazungumza na mtu wa ng'ambo ya ziwa.

"Dani, babu aliitwaje Washington?"

"Alijiita," akasema.

Kumbe siku ya ubatizo mwalimu wa dini alikuwa amempangia jina lingine, ambalo Dani hata halikumbuki. Babu akakataa. Alikuwa ameona Washington kwenye kitabu cha shule, na lilikuwa neno refu kuliko yote aliyoweza kuandika bila kukosea. Aliliandika mbele ya mwalimu kwa kijiti, kwenye mchanga, herufi kwa herufi. Mwalimu akalitazama, akaandika kwenye kitabu.

Nikamwuliza Dani kama anajua George Washington alikuwa na watumwa. Akanyamaza kidogo.

"Huyo simjui," akasema. "Mimi niliolewa na huyu wangu."

Nilimrekodia bro sauti ya dakika kumi na moja nikamtumia WhatsApp. Sikumwambia aliweke jina wala aliache, kwa sababu cheti ni cha mtoto wake, si changu, na uzito wa wale watu 317 hauondoki kwa stori nzuri. Nilimweleza tu: kwa William lilikuwa shamba, kwa George likawa sifa, lakini kwa Booker, na kwa babu, lilikuwa kitu cha kwanza walichojichagulia wenyewe mbele ya mtu aliyekuwa na kalamu.

Alisikiliza, nikaona zile alama mbili za buluu. Hakujibu hadi asubuhi. Alituma picha ya fomu. Atieno, halafu Washington, kwa mwandiko wake mbaya.

Chini yake akaandika: "Akikua akiuliza, wewe ndiye utamweleza."

Basi Atieno, ukifika umri wa kusoma haya, maelezo ndiyo hayo. Na wewe msomaji, kabla hujalaumu ama kulikana jina lako, piga simu moja ocha. Uliza nani alilichagua, na alikuwa amesimama wapi siku hiyo. Piga mapema, wazee wangali wanapokea.